Kusimama Ndiko Kunakoiua Pikipiki ya Zamani

Ukiiacha pikipiki ya Uingereza ya miaka ya 1960, Triumph au BSA, imesimama miezi mitatu, oili yake huhama. Injini hizi hazihifadhi oili chini ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kama pikipiki nyingi za leo. Oili hukaa kwenye tanki lake pembeni, pampu huipeleka kwenye krenki, kisha huinyonya kutoka tumboni mwa injini na kuirudisha tankini. Pampu ikichakaa kidogo, au kigololi kinachoziba njia yake kikikaliwa na chembe ya uchafu, oili hushuka tone kwa tone usiku na mchana. Siku ya kuwasha, mwenye pikipiki anafungua kifuniko, anaona tanki limebaki nusu, anaongeza lita moja. Hapo ameshakosea. Oili ya mwanzo haikwenda popote, iko chini ya pistoni. Akipiga kiki anahisi uzito usio wa kawaida, na injini ikiwaka inatoa moshi wa buluu na kusukuma oili nje kupitia kila sili iliyochoka.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza chochote, weka beseni chini ya injini na ufungue nati ya kumwagia iliyo chini ya tumbo la injini. Pima kinachotoka. Vikombe viwili baada ya miezi mitatu ni uzee wa kawaida. Nusu lita kwa wiki moja ni pampu inayodai kufunguliwa. Baada ya kuwasha, fungua kifuniko cha tanki la oili uangalie mdomo wa bomba la kurudishia: ndani ya nusu dakika hivi oili ianze kuruka ikiwa na mapovu. Mapovu yasikutishe, kwa sababu upande wa pampu unaorudisha una nguvu kuliko unaopeleka, kwa hiyo hunyonya na hewa. Usipoona kitu baada ya dakika moja, zima.

Wapo wanaoweka bomba la kufungua na kufunga ili oili isishuke wakati pikipiki imelala. Mimi siipendi dawa hiyo. Siku moja ya kusahau kulifungua inatosha kuunguza krenki. Ukilazimika, lifungie swichi itakayokata umeme wa plagi mpaka bomba liwe wazi.

Na kuna wale wanaoiwasha kila Jumapili dakika tano ili “isilale”. Hao wanaiumiza kuliko aliyeifunika turubai. Petroli ikiungua hutoa maji, karibu lita moja ya maji kwa kila lita ya petroli, yakiwa mvuke. Sehemu kubwa hutoka na moshi, lakini kiasi hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia tumboni mwa injini. Injini isipopata moto wa kutosha, mvuke huo unageuka maji palepale. Ukifungua kifuniko cha roka, kile cha juu kinachofunika valvu, ukakuta povu la rangi ya maziwa, ndilo hilo. Maji hayo huungana na mabaki ya mwako kuwa asidi, na asidi hula beringi. Ama uitoe ikatembee kilomita 20 au 30, ama uiache ilale vizuri.

Kulala vizuri kuna utaratibu wake. Oili hubadilishwa kabla ya kulaza, si baada ya kuamsha, maana oili chafu ndiyo yenye asidi. Washa dakika kumi ili oili mpya ifike kila mahali. Mwaga petroli ya kwenye kabureta. Tanki ama ulijaze pomoni ama ulikaushe kabisa. Nusu tanki ni nusu kutu. Toa plagi, mimina mililita 5 hadi 10 za oili nyepesi kwenye kila silinda, zungusha injini polepole, kisha iache pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni, ambapo valvu zote mbili za silinda hiyo zimefungwa na hewa yenye unyevu haipiti. Ziba ekzosi kwa kitambaa chenye oili na ufunge kibandiko kwenye usukani kinachosema hivyo, la sivyo utasahau. Betri itoke, na ichajiwe kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: ya Ah 12 inapewa ampea 1.2. Ukiirudisha, angalia kwanza alama. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka hiyo zina chanya kwenye fremu, si hasi, na kugeuza nyaya kunaua rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme uwe wa kuchajia betri, kwa kufumba na kufumbua.

Petroli yenye ethanoli ni adui wa peke yake. Ethanoli hunywa maji ya hewani, na yakizidi inajitenga na petroli na kuzama chini ya tanki, palepale bomba linaponyonyea. Huko hula zinki ya kabureta na kuacha unga mweupe. Tanki la faibaglasi huyeyuka nalo taratibu. Ukiweza kupata petroli isiyo na ethanoli, au yenye kidogo zaidi, inunue kwa ajili ya kulaza hata kama ni ghali.

Pikipiki iliyosimama miaka kumi ni habari nyingine. Usiipige kiki. Ringi iliyoshikwa na kutu hukatika au hukwaruza silinda, na valvu iliyoganda ikiwa wazi hugongwa na pistoni. Toa plagi, mimina mililita 15 hadi 20 za mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, na uache siku mbili tatu. Kisha ingiza gia ya juu kabisa, na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma, kidogo kidogo. Gia ya juu kwa sababu hapo gurudumu lina nguvu kubwa juu ya krenki. Ukiweka gia ya kwanza utasukuma mpaka uchoke. Isipotikisika, ongeza mchanganyiko na subiri siku nyingine. Ikikubali kuzunguka, fungua vifuniko vya roka na uangalie kila valvu inashuka na kurudi.

Injini za silinda mbili za Triumph na BSA zina mtego wa tope ndani ya krenki: kibomba kilichofichwa ambamo uchafu hutupwa na kani ya mzunguko. Katika enzi zake oili haikuwa na sabuni ya kusafisha, uchafu ulitakiwa utulie hapo. Baada ya miaka mingi kibomba hujaa tope gumu kama udongo wa mfinyanzi na oili haifiki kwenye beringi za fimbo za pistoni. Hakuna namna ya kulijua bila kufungua injini. Ukinunua pikipiki ya namna hii na muuzaji hajui mtego ulisafishwa lini, hesabu kwamba haujawahi kusafishwa. Na usiimwagie oili ya kisasa yenye sabuni kabla ya kuusafisha, maana itabomoa tope na kulisafirisha. Ukishasafisha, oili ya madini ya 20W-50 inafaa kabisa, ikibadilishwa kila kilomita 1,500 hadi 2,000, kwa kuwa chujio pekee ni wavu wa waya unaozuia vipande, si vumbi.

Tanki la petroli lenye kutu husafishwa kwa asidi ya sitriki, ile ya unga. Gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya moto, saa 12 hadi 24, ukiligeuza mara kwa mara. Toa bomba la petroli kwanza, na ufunike rangi ya nje kwa plastiki. Mwaga, suuza, weka maji yenye vijiko viwili vitatu vya magadi soda kuua asidi, suuza tena, na ukaushe papo hapo kwa mashine ya kukaushia nywele. Chuma kilichotoka kwenye asidi kinashika kutu ya rangi ya chungwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo kikikauka tu zungusha ndani petroli iliyotiwa oili. Wanaotumia umeme na magadi wasitumie kipande cha chuma kisichoshika kutu kama nguzo ya chanya: hutoa kromiamu yenye sumu. Chuma cha kawaida kinatosha, na dirisha liwe wazi, maana hidrojeni inatoka.

Sasa pointi, yaani swichi ndogo inayofunguliwa na kamu ili plagi itoe cheche. Hapa ndipo pikipiki nyingi za zamani husingiziwa ugonjwa wa kabureta. Fungua kifuniko na zungusha injini mpaka kisigino cha pointi kiwe kwenye kilele cha kamu. Mwanya wa pointi za koili (zinazotumia betri) za Lucas ni milimita 0.35 hadi 0.40, wa magneto (inayojizalishia umeme bila betri) ya Lucas ni 0.30, Honda nyingi za zamani ni 0.3 hadi 0.4. Bamba la kupimia lipite kwa msuguano mdogo, kama unavyovuta karatasi katikati ya vidole. Tazama nyuso zenyewe. Kijivu safi ni afya. Kichuguu upande mmoja na kishimo upande wa pili ni kondensa, kifaa kinachozuia pointi zisiungue kwa cheche, inayoanza kuchoka. Cheche ndefu ya njano kati ya pointi huku injini ikiunguruma ni kondensa iliyokufa. Dalili yake njiani ni moja: injini inawaka vizuri ikiwa baridi, inazima ikipata moto, na baada ya nusu saa inakubali tena kana kwamba haikufanya kitu. Magneto yenye waya uliozungushwa enzi za zamani hufanya hivyohivyo, na pia lakiri ya ndani inayofunika waya wake hulainika na kunata.

Pointi mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Zifute kwa spiriti ukitumia kipande cha kadi safi, maana karatasi laini huacha nyuzi. Ule utambi wa kulainishia kamu upewe matone mawili ya oili, basi. La tatu litaishia kwenye pointi.

Mwanya hupimwa kwanza, taimingi (wakati cheche inapotoka) baadaye, kamwe si kinyume. Ukipanua mwanya, pointi hufunguka mapema na taimingi inatangulia. Kisigino kikilika, mwanya hupungua na taimingi inachelewa, ndiyo maana injini hupoteza nguvu polepole bila wewe kugundua. Kwa koili, unganisha balbu ndogo ya voti zilezile za betri kati ya waya wa pointi na fremu: itawaka sekunde ile pointi zinapoachana. Kwa magneto, bana karatasi ya sigara kati ya pointi na uivute taratibu. Ikiachia, ndipo hapo. Triumph za silinda mbili za cc 650, injini na giaboksi zikiwa kitu kimoja, zinataka digrii 38 kabla ya pistoni kufika juu, kifaa cha kutanguliza cheche kasi inapopanda kikiwa kimefunguka chote. Wengi hupima kikiwa kimelala, kisha wanashangaa pistoni kutoboka.

Mwanya wa valvu nitaupita haraka. Triumph Bonneville T120 iliyotoka 1959: milimita 0.05 za kuingiza, 0.10 za kutoa, injini ikiwa baridi. Honda CB750 ya 1969: 0.05 na 0.08. Andika vipimo kila mara kwenye daftari. Mwanya unaozidi kupungua kila sevisi ni valvu inayozama kwenye kiti chake, na hiyo ndiyo alama ya injini inayoyalilia madini ya risasi yaliyokuwa kwenye petroli ya zamani.

Kabureta ya Amal Concentric, iliyokuja 1967, inachukiwa bila sababu. Ina makosa mawili. La kwanza hufanywa na fundi: anakaza nati mbili za shingo mpaka mwisho, mwili laini wa kabureta unapinda kama upinde, slaidi inakwama na hewa inapenya pembeni. Weka rula kwenye uso wa shingo ukitazama mwanga. Ukiuona katikati, tandika msasa namba 400 juu ya kioo na uisugue kwa mwendo wa nane mpaka iwe bapa, halafu ukaze nati kiasi cha kubana ringi ya mpira tu. Kosa la pili ni njia ya petroli ya mzunguko wa chini, iliyojificha nyuma ya skrubu ya hewa. Ina upana wa takriban milimita 0.4, na petroli iliyokauka huiziba. Dawa ya kupuliza peke yake mara nyingi haitoshi. Toa skrubu, chukua keekee namba 78, ishike kwa mkono katika kishikio chake kidogo, na uiingize polepole mpaka uihisi imeingia kwenye tundu. Ukitumia waya mnene utalipanua, na kabureta haitatulia tena. Rudisha skrubu, ifunge taratibu hadi mwisho, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu na uanzie hapo.

Kabla sijasahau: spana. Pikipiki ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 haitaki spana za milimita. Namba kwenye spana ya Whitworth, kipimo cha zamani cha Uingereza, ni unene wa bolti, si upana wa kichwa. Spana ya 1/4 ina mdomo wa milimita 13.3, ile ya 13 haiingii, ya 14 inachezea na kula kona. Ukiona nati iliyovimba na kuwa mviringo, alipita mtu mwenye spana ya 14. Kwa Honda, Yamaha na Suzuki za zamani ugomvi uko kwenye skrubu: msalaba wake si ule wa Phillips japo unafanana. Tafuta bisibisi ya kiwango cha Kijapani, na kwa vifuniko vya injini tumia bisibisi ya kupigwa nyundo.

Tairi lina tarakimu nne ndani ya duara refu. 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Likipita miaka kumi, libadilishe hata kama meno yote yapo. Na unga wa breki za ngoma za zamani usiupulize, una asbesto. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa, tupa kitambaa.

Mtu akishafanya haya mara kadhaa huanza kutamani kuona injini ikifanya kazi kwa ndani, na hapo ndipo makumbusho ya injini yanapokuwa na faida kuliko kitabu. Pikipiki ya silinda mbili ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 33 kwa sekunde. Sikio haliwezi kutenganisha kitu. Lister CS ya 6/1, injini ya dizeli ya shamba iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, inatoa nguvu za farasi sita kwa mizunguko 650 tu. Simama karibu nayo utasikia valvu ikifungwa, nozeli ikilia, na mwako wenyewe, kimoja baada ya kingine.

Nzuri zaidi ni zile za petroli zenye flaiwili mbili kubwa, ambazo huwaka mara moja kisha hupumua mizunguko kadhaa bila kuwaka. Gavana, kifaa cha kudhibiti kasi, hunasa valvu ya kutoa na kuishikilia wazi. Valvu ya kuingiza haina kamu, inafunguliwa na mvuto wa pistoni peke yake. Ekzosi ikiwa wazi mvuto haupo, kwa hiyo petroli haiingii. Kasi ikishuka gavana huachia, na injini inawaka tena. Juu ya silinda kuna kikombe cha kioo kinachodondosha oili. Unahesabu matone kwa macho. Pikipiki za mwanzoni mwa miaka ya 1900 zilikuwa na valvu hiyohiyo ya mvuto, na oili iliyosukumwa kwa pampu ya mkono kila baada ya kilomita chache, ikatumika na kutupwa njiani.

Coolspring Power Museum, Pennsylvania, iliyoanzishwa 1985, ina mkusanyiko mkubwa wa injini za namna hii. Anson Engine Museum huko Poynton, Uingereza, na Internal Fire huko Tan-y-groes, Wales, nazo huwasha zake. Kwa pikipiki, Sammy Miller Museum huko New Milton inajulikana kwa kuziweka katika hali ya kutembea. Barber Vintage Motorsports Museum ina zaidi ya 1,000, karibu na Birmingham ya Alabama. Usiichanganye na Birmingham ya Uingereza, ambako karibu nayo kuna National Motorcycle Museum iliyofunguliwa 1984, ikaungua Septemba 2003 na kupoteza mamia ya pikipiki, ikafunguliwa tena Desemba 2004. Baadhi ya ulizoziona humo baada ya hapo zilijengwa upya kutoka kwenye vyuma vilivyoungua. Reitwagen ya Daimler ya 1885, inayohesabiwa kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli, nayo iliungua Cannstatt mwaka 1903. Zote zinazooneshwa leo ni nakala.

Ndiyo maana makumbusho yanahitaji jicho la kushuku. Pikipiki inayong’aa kupita kiasi si ushahidi wa namna ilivyotoka kiwandani. Bolti za zamani zilipakwa kadimiamu ya kijivu isiyong’aa, si kromu. Ukipata iliyochakaa ambayo haijawahi kuguswa, hiyo ndiyo ya kupiga picha: njia ya kebo za klachi na breki shingoni, nyaya chini ya kiti, upande ambao vichwa vya bolti za vikinga matope vinatazama. Angalia sakafu. Trei yenye matone mapya ya oili chini ya injini ni habari njema, maana yake inawashwa. Tairi lililobonyea upande mmoja na bomba la ekzosi lisilo na hata doa la joto vinakwambia haijawaka miaka mingi. Usiguse chuma kitupu. Jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole huonekana kama kutu baada ya wiki chache.

Tafuta siku ya kuwasha injini kabla ya kukata tiketi, na uulize wanaanza saa ngapi. Injini za zamani zenye kichwa cha kupashwa moto hupashwa kwa taa ya kupuliza moto robo saa hivi kabla hazijakubali, na pale ndipo wazee wanaozitunza wanapokuwa na mikono michafu na muda wa kujibu maswali. Wageni wengi huingia injini ikiwa inaunguruma tayari, wakati taa imeshazimwa.